Pesa ya serikali ya sola: inapitia wapi, na kwa nini haiji kwa meseji

Kiangazi kikikaribia, kuna meseji huanza kuzunguka kwenye magrupu ya wakulima. Husomeka hivi, au karibu hivi: "Hongera! Umechaguliwa kupata pampu ya sola ya serikali bila malipo. Tuma 1,350 ya usajili kwa nambari hii kabla ya saa kumi na mbili jioni." Mara nyingine imebandikwa nembo ya serikali. Mara nyingi anayekutumia si mwizi, ni jirani unayemwamini, naye ametumiwa na mtu mwingine anayemwamini.

Kinachofanya meseji hii iwe hatari ni kwamba imejengwa juu ya kitu cha kweli. Serikali ya Kenya, peke yake na pamoja na wafadhili kama Benki ya Dunia, imetia pesa kwenye sola, biogesi, pampu za maji na majiko safi kwa ajili ya watu wa mashambani. Kwa hivyo mtu akisikia "pampu ya serikali" hasemi ni ndoto. Aliisikia kwenye redio, au alimsikia chifu akiitaja barazani. Ndiyo maana hata mtu mwerevu anaingia.

Wateja wetu wengi wanatuuliza swali moja: hiyo pesa iko kweli, na kama iko, mimi naipata vipi? Iko. Lakini inapitia njia zake, na kati ya njia hizo hakuna hata moja inayoanza na wewe kutuma ada kwa nambari ya mtu binafsi. Ukizijua hizo njia, meseji ya aina hiyo utaifuta bila kufikiria mara mbili. Na la maana zaidi, utajua mlango wa kweli wa kubisha uko wapi.

Punguzo usiloliona

Njia ya kwanza watu wengi hawaihesabu kama msaada, kwa sababu hakuna anayekupigia simu kukuambia umeipata. Ni kodi.

Mwaka 2020 Sheria ya Fedha iliondoa msamaha wa VAT kwenye vifaa vya sola, na bei madukani zikapanda. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2021 ikarudisha msamaha kwa vifaa maalum vya kuzalisha umeme wa jua na wa upepo: paneli, vidhibiti vya chaji, inveta na betri za kuhifadhi umeme wa sola. Kwa VAT ya asilimia 16, paneli za shilingi 20,000 zingeongezeka shilingi 3,200. Hiyo 3,200 isiyolipwa ndiyo msaada wako. Haikuja kwa simu, ilibaki mfukoni mwako.

Ilibaki mfukoni kama mwenye duka alikuwa mkweli, hata hivyo. Msamaha unahusu vile vifaa vilivyotajwa na sheria, si kila kitu kinachopakiwa kwenye pikapu. Mabomba, tangi, vyuma vya kusimamishia paneli na kazi ya fundi vinaweza kuwa na hesabu tofauti ya kodi. Kwa hivyo usikubali bei moja ya jumla iliyotamkwa kwa mdomo. Omba makadirio yaliyoandikwa, kila kitu na bei yake, halafu ukilipa dai risiti ya eTIMS, ambayo inaonyesha VAT iliyotozwa. Ukiona kodi kwenye paneli, uliza kwa nini. Na kwa vile Sheria ya Fedha hubadilika karibu kila mwaka kuanzia Julai, mtu anayepanga kununua mfumo mkubwa afuatilie habari za bajeti mwezi wa sita kabla hajafungua pochi.

Mwenye biashara iliyounganishwa na umeme wa stima, kwa mfano kituo cha kupoza maziwa au mashine ya kusaga unga, ana jambo jingine la kujua. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja mwenye sola ya hadi megawati 1 kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi. Asitarajie hundi lakini. Anachopata ni salio la uniti, tena nusu ya zile alizotoa, litumike kupunguza bili yake. Kwa biashara inayotumia umeme mchana kutwa, faida kubwa iko kwenye kuutumia mwenyewe jua likiwa juu, kuliko kuurudisha.

Pesa inayopitia kwa kampuni

Mradi wa KOSAP wengi wameusikia kwa jina tu. Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2017 kwa dola milioni 150, chini ya Wizara ya Nishati pamoja na Kenya Power na REREC, kwa kaunti 14 zilizokuwa zimeachwa nyuma na gridi: Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Marsabit, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale, Taita Taveta na Narok.

Sehemu ya pesa hiyo iliwekwa kwa gridi ndogo, sehemu kwa pampu za sola za visima vya jamii, na sehemu kwa kampuni zinazouza sola za nyumbani na majiko safi. Hii sehemu ya kampuni ndiyo wakora hupenda kuitumia, kwa hivyo ielewe vizuri. Kampuni inauza kwanza. Inafikisha mtambo kwa mteja huko Loima au Garsen, kisha inathibitisha kwamba mtambo upo na unafanya kazi, ndipo inalipwa motisha. Maana yake ni kwamba serikali inailipa kampuni ili ikubali kwenda mahali ambapo isingeenda, na bei isimshinde mteja wa huko. Mteja mwenyewe hapokei kitu mkononi. Analipa bei iliyopunguzwa, au analipa kidogo kidogo.

Na zile pampu za KOSAP ni za kisima cha jamii. Mtu akikuambia ana "pampu ya KOSAP" ya shamba lako la ekari moja, umeshajua unaongea na nani.

Mlango wa kikundi na wa kaunti

Kwa mkulima mdogo, tunaona hapa ndipo nafasi halisi iko, ingawa ndiyo njia inayohitaji subira zaidi.

Miradi mingi ya kilimo inayofadhiliwa na serikali na Benki ya Dunia haishughuliki na mtu mmoja mmoja. NAVCDP, kwa mfano, hufanya kazi kupitia vikundi vya wakulima na SACCO zao. Kikundi kinaandika pendekezo, kinaonyesha mchango wake, na kinapimwa. Ukiwa nje ya kikundi uko nje ya mstari, hata ukiwa mkulima hodari kuliko wote kijijini.

Kikundi chenyewe lazima kitambuliwe. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kinahitaji watu wasiopungua kumi, katiba, na cheti kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Chama cha watu sita wanaochangiana mia mbili kila Jumapili ni kizuri, lakini kwa macho ya mradi bado hakijazaliwa.

Hapa simu inasaidia kuliko watu wengi wanavyodhani. Kikundi kikiambiwa kionyeshe kwamba kimekuwa kikiweka akiba kwa mwaka mzima, daftari la mweka hazina lenye mistari iliyofutwafutwa halishawishi mtu. Taarifa ya miamala ya akaunti ya kikundi inashawishi. Kwa hivyo michango isipitie kwa simu ya mweka hazina, hata kama ni mama mwaminifu aliyekaa kanisani miaka thelathini. Fungueni Till au Paybill kwa jina la kikundi, na kutoa pesa kuhitaji zaidi ya mtu mmoja. Hatusemi mama huyo ataiba. Tunasema siku simu yake ikipotea au akilazwa hospitalini, kikundi kisilazwe naye.

Mlango wa pili ni kaunti. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015, na kaunti nyingine zikafuata. Baadaye ukaja mpango wa FLLoCA chini ya Hazina ya Kitaifa, unaopeleka pesa kwa kaunti kwa ajili ya miradi ambayo wenyeji wenyewe wameichagua. Uchaguzi huo unaanzia kwenye kamati ya tabianchi ya wadi. Kisima cha sola kijengwe kijiji gani, bwawa lichimbwe wapi, hayo yanajadiliwa kwenye mikutano ambayo tangazo lake linabandikwa kwa ofisi ya wadi na kusomwa barazani. Sasa uliza: mara ya mwisho wewe kuhudhuria ni lini? Mikutano mingi huwa na wazee wachache na watu wa MCA, halafu miaka miwili baadaye tunashangaa kisima kimeenda ng'ambo ya mto.

Ukitaka kuanza mahali, anza kwa afisa wa kilimo wa wadi yako. Muulize maswali mawili: ni mradi gani uko wazi sasa hivi, na kikundi gani karibu nasi kimeshapata? La pili ndilo zuri, kwa sababu kikundi kilichopata kitakuambia ukweli wote, pamoja na ule ambao afisa hawezi kuusema. Kwa upande wa biogesi na sola, REREC ina vituo vya nishati ambako unaweza kuona mitambo kwa macho yako: Mtwapa huko Pwani, Wambugu kule Nyeri, Mitunguu kwa watu wa Meru, Bukura kwa watu wa Kakamega, na kwingineko.

Mkopo si ruzuku

Tunarudia kwa sababu inachanganywa kila siku: ruzuku hulipi, mkopo utaulipa. Shirika la AFC ni la serikali na limekopesha wakulima tangu 1963, lakini ni mkopeshaji. Hustler Fund iliyoanzishwa Novemba 2022 ni mkopo pia. Ule wa mtu binafsi unaanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni siku 14. Kwa mama mboga anayezungusha stoki, siku 14 zinatosha. Kwa pampu ya sola, hapana. Pampu haijalipia hata mche mmoja wa sukuma ndani ya wiki mbili. Ule wa kikundi, ulioanza Juni 2023, ni mkubwa zaidi, kwa hivyo ukitaka kufikiria vifaa, fikiria ule.

Njia inayotumiwa na wengi ni kulipa polepole kwa kampuni, kupitia simu. Wacha tupige hesabu. Bei tunazotumia ni za mfano tu, weka zako.

Mkulima wa nyanya kule Kieni ana pampu ya petroli. Inakula lita tatu kwa siku, anamwagilia siku nne kwa wiki. Hizo ni lita 12. Lita ikiwa shilingi 180, ni 2,160 kwa wiki, yaani 8,640 kwa wiki nne. Kampuni inamwambia: pampu yetu ya sola ni 60,000 ukilipa mara moja, au lipa 10,000 leo na 3,200 kila mwezi kwa miezi 24. Anaangalia 8,640 na 3,200, anatabasamu. Nani asingetabasamu?

Lakini malipo ya polepole ni 10,000 kujumlisha 76,800, jumla 86,800. Bei ya kusubiriwa ni 26,800. Si dhambi, kampuni nayo imekopa mahali, ila ijue. Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye kipeperushi. Mkulima huyu anamwagilia miezi mitano tu kwa mwaka, miezi mingine mvua inanyesha. Petroli yake kwa mwaka ni 43,200, na kwa miaka miwili ni 86,400. Karibu sawa kabisa na atakachoilipa kampuni. Kwa hiyo faida yake haiko ndani ya miaka hiyo miwili. Iko mwaka wa tatu kwenda mbele, kama pampu itakuwa bado inafanya kazi.

Na tofauti kubwa zaidi ni hii: petroli hununui mvua ikinyesha. Ile 3,200 inadaiwa Aprili, nyanya zikiwa hazijatoka, sawasawa na inavyodaiwa Septemba sokoni kumechangamka. Wanaozimiwa mitambo kwa kushindwa kulipa huwa si wavivu, huwa wamekutana na mwezi usio na mavuno. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi uliza kama unaweza kulipa kwa msimu: kikubwa wakati wa mavuno, kidogo au bila wakati wa kupanda. Wengine hukubali. Uliza pia dhamana ni ya miaka mingapi na fundi anatoka wapi, maana pampu iliyokufa kiangazini ikisubiri fundi wa Nairobi wiki tatu imeua shamba lote.

Fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinataka hivyo, na leseni zina ngazi, T1 hadi T3, kulingana na ukubwa wa kazi. Muombe akuonyeshe. Hatakasirika kama anayo.

Kabla ya sola, punguza kiu ya shamba

Miradi hii hutaja nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati kwa pumzi moja, lakini watu husikia neno la kwanza tu, kwa sababu paneli inaonekana juu ya paa na bomba lisilovuja halionekani popote. Ukweli wa mfukoni ni kwamba mkulima anayehama kutoka mfereji kwenda kwa mipira ya matone anahitaji maji kidogo zaidi, na maji kidogo ni pampu ndogo, na pampu ndogo ni paneli chache. Ukinunua paneli kwanza halafu mipira baadaye, umelipia pampu kubwa usiyoihitaji.

Hivyo hivyo kwa anayepoza maziwa. Mpira wa mlango wa friji uliochakaa unakula umeme usiku kucha. Kwa anayelea vifaranga, chumba kinachovuja upepo kinakula makaa na balbu. Haya ni mambo ya shilingi mia chache hadi elfu chache, hayahitaji pendekezo la mradi wala kamati.

Kabla ya kubonyeza PIN

Sasa turudi kwa ile meseji. Ruzuku ya mbolea ni kipimo kizuri, kwa sababu wengi mmeipitia. Ulijisajili kwa chifu au kwa afisa, bila malipo. Ukapata ujumbe. Ukaenda kwa ghala ukalipa sehemu yako, 2,500 kwa gunia la kilo 50 tangu Agosti 2023, ukabeba mbolea yako. Kuna pesa uliyolipa, ndiyo, lakini uliilipia mbolea, si kujaza fomu. Mradi wa kweli wa nishati unafanana na hapo: unachangia sehemu ya kifaa, kwa akaunti ya kampuni au ya kikundi, na unajua kifaa ni kipi.

Ujanja huu hata si wa Kenya peke yake. India ina mpango mkubwa wa pampu za sola kwa wakulima, PM-KUSUM, ulioanza 2019, ambao mkulima hulipa sehemu na serikali hulipa iliyobaki. Haikuchukua muda tovuti za bandia zikatokea zikidai ada ya usajili, hadi wizara yao ikatoa onyo.

Kwa hivyo jina likijitokeza kwenye skrini kabla ya PIN, lisome. Kama umeambiwa unalipa kampuni ya sola na jina ni la mtu binafsi, acha. "Hiyo ni laini ya meneja" si jibu. Kama ni Paybill, hakikisha nambari ya akaunti ni ya mkataba wako, maana malipo yaliyoingia kwa mtambo wa jirani yatawasha taa za jirani. Mtu akikuharakisha, "nafasi zimebaki tatu, mama, tuma sasa hivi", mwambie utapita ofisini kesho. Wa kweli atakuelekeza ofisi iko wapi. Usimpe mtu PIN, wala ile nambari ya siri inayotumwa kwa ujumbe, hata akijua jina lako kamili na nambari ya kitambulisho. Orodha za vikundi huzunguka kwa karatasi, na kujua jina lako si ushahidi wa chochote.

Na kama umeshatuma? Piga huduma kwa wateja papo hapo, ukitumia nambari iliyo ndani ya programu, si ile uliyotumiwa kwenye grupu. Pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiliwa, na dakika kumi za kuona aibu ndizo anazozihitaji yule mtu kufika kwa ajenti. Usifute meseji yake. Piga picha ya skrini, chukua taarifa ya miamala inayoonyesha saa na nambari ya muamala, kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB. Halafu rudi kwenye lile grupu uandike kwamba ni wizi, kwa sababu kuna mtu mwingine humo ambaye wakati huu anatafuta 1,350.